MAHALI PA KUVUA NGUO NI AMANA

Khutba ya Ijumaa

(Ndugu msomaji, soma karatasi hii kabla ya imamu kupanda mimbari au baada ya sala. Usiisome wakati wa khutba.)

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Yeye ndiye aliyetupa nguo za kufunika miili yetu, akatupa na haya ili nyoyo zetu nazo ziwe na vazi. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi siku ya mwisho.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, wababa na wamama, vijana na wazee, najiusia mimi mwenyewe kwanza, kisha nawausia ninyi: tumche Mwenyezi Mungu pale tunapoonekana na pale tusipoonekana na watu.

Maneno ya leo yanahusu jambo ambalo wengi wanaona haya kulisema msikitini, nalo ni mahali tunapovua nguo. Mahali pa kuoga, choo, mahali pa kutawadha, chumba cha kubadilisha nguo shuleni au kwenye uwanja wa mpira. Msishangae. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alilisema jambo hili juu ya mimbari. Imepokewa na Abu Daud na Nasai kwamba alimwona mtu anaoga mahali pa wazi bila ya nguo. Akapanda mimbari, akamsifu Mwenyezi Mungu, kisha akawafundisha watu kwamba Mwenyezi Mungu anapenda haya na anapenda stara, kwa hiyo mtu anapooga na ajisitiri. Basi neno ambalo Mtume hakuona haya kulisema, sisi tusijifanye wenye haya kumpita yeye.

Ndugu zangu, siku hizi vijana wetu wanasoma kwenye simu habari za mabishano yaliyoko Ulaya na Marekani. Watu kule wanabishana: vyumba vya kubadilishia nguo, vyoo na mabafu viwe vya wanawake peke yao na wanaume peke yao, au vichanganywe? Na nani aingie wapi? Huko Uingereza jambo hili lilifika mbele ya Mahakama ya Juu. Tarehe 16/4/2025 mahakama hiyo ikaamua kwamba katika sheria yao ya usawa ya mwaka 2010, neno mwanamke na neno mwanaume yanamaanisha jinsia ya kuzaliwa. Wako waliofurahi, wakasema wanawake wamepata ulinzi. Wako waliohuzunika, wakasema wale wanaoishi kwa namna nyingine kuliko walivyozaliwa sasa hawatakuwa na mahali pa salama. Ukisikiliza sawasawa, utaona kila upande unadai kitu kimoja: usalama.

Kijana mmoja akaniuliza baada ya sala: Shehe, na Uislamu unasema nini? Nikamjibu kwa haraka: Uislamu umekwisha kutenganisha, wanaume huku na wanawake kule, mambo yamekwisha. Kijana akanyamaza, akaenda zake. Lakini jibu langu halikunitosha mimi mwenyewe, kwa sababu ya jambo lililotokea hapa kwetu. Leo ninalisema wazi, na mama wa mtoto ameniruhusu kulisema bila ya kutaja jina.

Mnajua hali ya msikiti wetu. Wanaume tuna hodhi la simenti, lenye ukuta na bomba. Wamama wanatawadha nyuma, kwenye kona. Tumewafungia turubai, nalo limechanika. Pembeni yake inapita njia ya choo, na njia hiyo tunapita sisi wanaume. Hakuna mlango. Hakuna taa. Siku moja wakati wa Isha, binti mmoja wa madrasa alikuwa pale anatawadha, amefungua kichwa, amepandisha nguo ili aoshe mikono na miguu. Akaona mwanga wa simu kwenye tundu la turubai. Mtu alikuwa anampiga picha. Binti akapiga kelele, na yule mtu akakimbia gizani.

Kesho yake mama yake alikuja kwa komite. Sisi wa komite tukakaa, na mimi nilikuwemo. Zikatoka kauli tatu. Mmoja akasema: "Tusitangaze hii mambo, tutatia msikiti haya." Wa pili akasema: "Na yeye alienda kule usiku peke yake kufanya nini?" Wa tatu akasema: "Wamama wasali nyumbani, shida itakwisha." Mimi sikupinga hata moja. Tukasoma dua, tukafunga kikao.

Imepita miezi miwili. Safu za wamama zilikuwa zinajaa, na leo mnaweza kuwahesabu kwa vidole. Binti yule hajarudi madrasa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, fikirini. Turubai lilikuwepo. Wanaume walikuwa huku, wanawake kule. Kutenganisha kulikuwepo, lakini usalama haukuwepo. Hilo ndilo ninalotaka tuondoke nalo leo: dini yetu imetuamuru kutenganisha, lakini haikutuamuru kutenganisha kisha tugeuze mgongo. Mahali pa kuvua nguo ni amana. Anayeweka pazia bila ya ulinzi ametimiza nusu ya amana, na nusu nyingine ataulizwa.

Tazameni Sura ya Nur. Katika aya ya 58 Mwenyezi Mungu anazitaja nyakati tatu ambazo watumishi wa nyumba na watoto wasiobaleghe hawaingii kwa wakubwa bila ya kubisha hodi: kabla ya sala ya Alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya sala ya Isha. Aya ya 59 inasema watoto hao wakibaleghe, wabishe hodi kila wakati. Angalieni ni nani wanaoambiwa wabishe hodi. Siyo wageni wa njiani. Ni watu wa nyumba ile ile, wanaokula chungu kimoja. Mwenyezi Mungu alijua kwamba mtu anapovua nguo anahitaji kulindwa hata na wale anaowajua. Kwa hiyo asije mtu akasema: hapa kwetu ni ndugu watupu, mlango wa nini?

Na katika sura hiyo hiyo, amri ya kuinamisha macho inaanza na nani? Aya ya 30 inawaanza wanaume. Aya ya 31 ndiyo inayofuata na wanawake. Sisi tumezoea kuruka aya ya 30 mbio mbio, tukifika ya 31 tunapaza sauti. Ndugu zangu wanaume, zamu ya kwanza ni yetu.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Sahl bin Saad kwamba mtu mmoja alichungulia kwenye tundu la nyumba ya Mtume. Mtume alikuwa na kitu cha chuma anachokunia kichwa. Akamwambia kwamba kama angalijua anamchungulia, angalimchoma nacho jicho. Na kwamba kubisha hodi kumewekwa kwa sababu ya jicho. Mtume wa rehema, aliyewasamehe watu wa Makka, alisema maneno makali namna hii kwa ajili ya tundu moja. Leo tundu hilo tunalibeba mfukoni. Simu inayoingizwa mahali pa kuogea ni jicho la yule mchunguliaji, na ni mbaya zaidi, kwa sababu jicho huona mara moja, lakini picha inazunguka kartie nzima, na mwenye mwili hawezi kuirudisha.

Sasa nizijibu zile kauli tatu, na ninajijibu mimi mwenyewe niliyenyamaza.

Kauli ya kwanza: tusitangaze, tutatia msikiti haya. Ni kweli dini inapenda tumsitiri Muislamu aliyeteleza, akajuta, akatubu baina yake na Mola wake. Lakini stara hiyo si ya kumficha mtu anayewadhuru wengine, ili kesho amdhuru mwingine. Sura ya Nisaa aya ya 135 inatuamuru tusimamie uadilifu hata kama ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Haya ya msikiti haikuletwa na mama aliyekuja kusema. Ililetwa na aliyepiga picha, na sisi tukaiongeza tuliponyamaza.

Kauli ya pili: alienda kufanya nini usiku? Tirmidhi na Abu Daud wamepokea kwa Wail bin Hujr habari ya mwanamke wa zama za Mtume aliyetoka kwenda kusali, mtu akamshika kwa nguvu njiani. Akapiga kelele, watu wakaja. Mtume hakumuuliza kwa nini ulitoka. Hakumuuliza ulivaa nini. Alimwambia aende zake, na kwamba Mwenyezi Mungu amemsamehe. Na katika habari hiyo kuna fundisho la pili: mtu wa kwanza aliyekamatwa hakuwa mkosaji, mpaka mkosaji mwenyewe alipojitokeza akakiri. Kwa hiyo tumsikilize anayelia, na pia tusimpige mtu kwa uvumi. Nimesikia vijana wakitaja majina mitaani juu ya ile simu. Acheni. Asiye na ushahidi anyamaze, na mwenye ushahidi aulete.

Kauli ya tatu: wamama wasali nyumbani. Mwanamke akipenda kusali nyumbani, sala yake ni njema. Lakini Mtume alikataza kuwazuia wanawake wasiende kwenye misikiti ya Mwenyezi Mungu. Na alifanya nini ili wawe salama? Abu Daud amepokea kwamba alipendekeza mlango mmoja wa msikiti waachiwe wanawake, na Ibn Umar hakuingia kwa mlango huo mpaka alipofariki. Bukhari amepokea kwa Ummu Salama kwamba Mtume akiisha kutoa salamu alikuwa akibaki kidogo mahali pake, na wanachuoni wakasema ilikuwa ili wanawake waondoke kabla ya wanaume. Ndugu zangu, mnaona? Hakuwaambia wanawake wakae nyumbani. Yeye mwenyewe alingoja, na wanaume wakangoja pamoja naye. Uzito aliuweka juu ya mabega ya wenye nguvu.

Nimeyasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu msamaha kwa ajili yangu na yenu. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, kumbukeni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Sura ya Qasas, aya ya 23 na 24. Alifika kisima cha Madiani, amechoka, mgeni, hana kitu. Akakuta wachungaji wanaume wamejaa kisimani, na wasichana wawili wamesimama kando wanazuia wanyama wao, wanangoja wanaume wamalize. Kutenganisha kulikuwepo pale pia! Lakini wenye kulipa walikuwa wanawake, kwa kusimama juani na kungoja. Musa aliwauliza mna shida gani, akawanyweshea wanyama wao, kisha akarudi kivulini. Hakuwafuata. Hakudai shukrani. Huyo ndiye mwanaume tunayemtaka katika msikiti huu: anayeona shida, anaitengeneza, kisha anaondoka njiani.

Hapa Congo hatuna haja ya kwenda Uingereza kutafuta mifano. Mwaka 2023 peke yake, Madaktari Wasio na Mipaka waliwatibu watu zaidi ya 25.000 walioshikwa kwa nguvu katika nchi yetu, wengi wao sana katika Kivu ya Kaskazini, kwenye makambi ya waliokimbia vita. Wengi walieleza kwamba walikamatwa walipokwenda kutafuta kuni au maji. Mwanamke anapotafuta maji ya kuoga na mahali pa kujisitiri, hapo ndipo adui anamngojea.

Watu wanaohudumia makambi wana kipimo kilichoandikwa, kinaitwa Sphere. Kinasema choo kimoja kitoshe watu 20 wala wasizidi. Kisiwe mbali kupita mita 50 kutoka mahali wanapolala. Kwa kila choo kimoja cha wanaume, viwe 3 vya wanawake. Viwe na mwanga, na mlango ufungwe kwa ndani. Hiki ni kipimo cha watu waliokimbia risasi na wanaolala chini ya turubai. Sisi tuna msikiti wa matofali. Tutamjibu nini Mwenyezi Mungu kama wamama wetu hawana hata komeo?

Jambo lingine msilisahau. Msidhani kwamba wanaume wakiwa peke yao na wavulana wao, hatari imekwisha. Muslim amepokea kwa Abu Said kwamba Mtume alikataza mwanaume kutazama uchi wa mwanaume, na mwanamke uchi wa mwanamke, na wawili kulala uchi ndani ya nguo moja. Kwa hiyo adabu iko hata baina ya watu wa jinsia moja. Mtoto wa kiume naye anaweza kudhuriwa. Mwalimu wa madrasa asibaki na mtoto mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Mtu mzima asioge pamoja na watoto wa wengine. Na mtoto akikuambia: baba, fulani alinigusa, usimpige kofi la kumnyamazisha. Kaa chini, msikilize.

Na wale wanaoishi kwa namna ambayo sisi hatuikubali, nao wasiguswe wala wasipigwe. Mwili wa mwanadamu una heshima, na hakuna aliyepewa ruhusa ya kuudhulumu.

Kama mtu ameshikwa kwa nguvu, mwanamke au mwanaume, jueni mambo matatu:

1. Apelekwe hospitali upesi, kabla ya masaa 72 kupita. Ndani ya muda huo kuna dawa za kumkinga na Sida. Baada ya hapo dawa hizo hazifai tena. Hata masaa yakiwa yamepita, bado apelekwe, kwa sababu kuna matibabu mengine.

2. Sheria ya nchi yetu namba 06/018 ya tarehe 20/7/2006 imeweka adhabu ya miaka 5 mpaka 20 ya kifungo kwa mwenye kushika mtu kwa nguvu. Jambo hili si la kumaliza nyumbani kwa mbuzi na faranga, wala kwa kumwoza binti kwa aliyemharibu. Mbuzi analiwa siku moja, na jeraha la mtoto linabaki.

3. Msimtenge. Asiyefanya dhambi habebi dhambi. Mume asimfukuze mke, baba asimfiche binti.

Sasa nirudi kwa msikiti wetu. Jumatano iliyopita komite ilikutana tena. Safari hii wamama wanne walikaa pamoja nasi, na wao ndio waliosema, sisi tukaandika. Tumekubaliana hivi:

Kwanza, mahali pa wamama pa kutawadha patajengwa upande wa mashariki, mbali na njia ya choo, kwa ukuta wa matofali na mabati juu. Mahali hapo wamama wenyewe wamepachagua.

Pili, kutakuwa na mlango wa mbao na komeo la ndani, na taa inayowaka Magharibi, Isha na Alfajiri. Ufunguo utakuwa mkononi mwa mama mmoja, siyo kwa mlinzi.

Tatu, hakuna simu kufunguliwa mahali pa kutawadha, kwa wanaume na kwa wanawake. Atakayevunja ataitwa mbele ya komite, na mambo ya hatari yatapelekwa kwa wenye sheria.

Nne, baada ya sala za usiku wanaume tutabaki kukaa na kuleta adhkari mpaka wamama watoke. Ni sunna, tulikuwa tumeiacha.

Tano, wamama wawili wamechaguliwa kupokea malalamiko, ili asiye na nguvu za kusema mbele ya wanaume awe na pa kwenda.

Tunahitaji simenti, matofali, mbao na mabati. Mwashi tunaye, amejitolea mikono yake bila ya malipo. Asiye na faranga alete bidoni ya maji ya kuchanganyia simenti, au aje Jumamosi asubuhi na jembe tuchimbe msingi. Msiseme tungoje wafadhili. Hodhi la wanaume tulilijenga wenyewe, na hatukungoja mtu.

Baada ya kikao kile tulikwenda nyumbani kwa yule mama, wazee watatu na mimi. Tukaomba msamaha kwa kunyamaza kwetu. Binti hakutoka chumbani. Mama alitupa viti, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia: "Nimesikia, baba shehe. Mujenge mulango kwanza, kiisha mutakuja kuomba musamaha."

Ndugu zangu, mimi sina jibu kwa mama yule ila kazi ya Jumamosi.

Na yule kijana aliyeniuliza, kama yuko hapa leo, jibu langu la kwanza naliondoa. Uislamu unasema hivi: tenganisha, kisha linda, na anza na macho yako mwenyewe.

Na wewe uliyepiga picha, kama unasoma karatasi hii au kama uko ndani ya safu zetu, sikiliza. Sisi hatukukuona. Mwenyezi Mungu alikuona. Ifute picha ile kabla ya jua kuzama, usimpe mtu. Kisha njoo kwangu au kwa mzee unayemwamini, ubebe kosa lako mbele ya wenye haki. Mlango wa toba uko wazi, lakini toba ya haki ya mtu haikamiliki mpaka umrudishie mtu haki yake.

Ee Mola wetu, tusitiri aibu zetu na ututulizie hofu zetu. Walinde wamama wetu, mabinti wetu na wavulana wetu, majumbani, mitoni, shuleni, makambini na misikitini. Waponye waliojeruhiwa. Uirudishie Congo yetu amani, mashariki yake na magharibi yake. Usitufanye kuwa watu wanaoona dhuluma wakanyamaza. Utusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote, walio hai na waliotangulia. Amin.

Simamisheni sala.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie nayo karanga. Ukiisha kuisoma, mpe jirani, na umsomee mama asiyejua kusoma. Michango ya ujenzi ipokelewe na mtunza hazina wa komite baada ya sala, naye atatoa kipande cha karatasi chenye muhuri.)